Betri za Mwalimu Nikolao

"Sita, c, moja, tisa," alisoma Mama Loveness.

"Ndiyo," akajibu Yuster, kidole chake kikitembea juu ya kioo cha kompyuta yake ndogo.

"F, f, nne, sifuri."

"Ndiyo."

"Mbili, a, nane, e."

"Ndiyo. Hilo ni fungu la tisa, Mama. Yamebaki saba."

Mama Loveness aliisukuma miwani yake juu ya pua, akaweka ukucha chini ya fungu la kumi kwenye daftari asije akapotea. Kwenye mkeka karibu na mlango, Bi Zabibu alikuwa akichambua mbaazi ndani ya ungo. Aliinua kichwa.

"Wifi, mnasali au mnatengeneza?"

"Tunahakiki, wifi."

"Maana naona mmoja anasoma, mwingine anaitikia. Nikadhani padri naye yuko njiani."

Yuster alitabasamu bila kutoa kidole chake kwenye kioo. Alijua kwamba akikitoa atalazimika kuanza upya, na leo alikuwa ameshaanza upya mara moja.

Walikuwa Newala, katika sebule ya marehemu Mwalimu Nikolao, nyumba ya mwisho kabla ardhi haijakatika na kuporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Kutoka dirishani uliona mihogo, mikorosho miwili mizee, halafu huoni tena kitu ila hewa, na mbali sana chini, buluu ya nchi ya ng'ambo. Yuster alikuwa amefika asubuhi na basi dogo kutoka Masasi. Kule ana kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na stendi, na mtu akiinua macho anaona milima ya mawe imesimama nyuma ya mabati. Huku juu kulikuwa na upepo, na alikuwa amejifunga kitenge mabegani.

Kazi hii hakuisomea popote. Aliokota moja moja, kwa kufungua na kufunga, na kila alichojaribu alikiandika kwenye daftari: kilichokubali kwa wino wa buluu, kilichogoma kwa wino mwekundu. Mwalimu Nikolao, aliyekuwa akishuka Masasi kila mwezi kuchapisha karatasi zake, ndiye aliyemwambia siku moja kwamba kurasa nyekundu ndizo zenye thamani. Baada ya hapo aliacha kuzionea haya.

Na karatasi za Mwalimu ndizo zilizomleta. Alipostaafu ualimu, kazi aliyoimalizia shule ya Chidya, Mwalimu alinunua kompyuta ya mezani iliyotumika na kinasa sauti kidogo, akaanza kuzunguka uwanda wa Makonde akiwauliza bibi vizee jambo moja tu: mlikuwa mnashukaje kuteka maji? Maana kabla bomba halijafika, na kila lilipokauka, wanawake wa huku juu waliteremka ukingo wote hadi chemchemi za bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Kila njia ilikuwa na jina. Kila mahali pa kupumzikia palikuwa na jina. Kwa miaka kumi na miwili Mwalimu alinasa sauti mia mbili na kumi na nne. Wengi wa bibi hao walishazikwa, na sauti zao zote zilikuwa ndani ya sanduku la kijivu lililokuwa juu ya meza ile, limefunikwa kitambaa cheupe.

Siku ya tisa baada ya mazishi, Mama Loveness, mjane wake, alilifunua kwa siri akabonyeza kitufe. Kioo kikawa buluu, kikaandika maneno meupe ya Kiingereza, kikazima, kikawaka, kikawa buluu tena. Fundi mmoja wa pale Newala akaja, akatikisa kichwa. Diski imekufa, alisema, dawa yake ni kupiga windo upya. Mama Loveness alipomuuliza maana yake, alimweleza: kufagia kila kitu na kuanza na nyumba tupu.

Tangu hapo hakulala vizuri. Kesho kutwa ilikuwa arobaini. Tanga lingeanuliwa, na vyombo vya kazi vya marehemu vingekwenda kwa mpwa wake Mujibu, mtoto wa Bi Zabibu, kama ukoo ule ulivyofanya siku zote. Mujibu alikuwa na duka la fotokopi sokoni, na alishasema waziwazi, bila ubaya, kwamba akiichukua mashine ataipiga windo siku hiyohiyo. Kwa hiyo sauti zilikuwa na siku mbili. Na katika siku hizo mbili, desturi ya nyumba haikuruhusu kitu cha marehemu kitoke nje, wala kibadilishwe, wala kiwashwe.

Bi Zabibu ndiye aliyekaa mlangoni kuhakikisha. Alikuwa dada mkubwa wa Mwalimu, tumbo moja. Yeye akabaki Mwislamu, mdogo wake akabatizwa shuleni, na hakuna aliyeona ajabu. Siku ya mazishi alizunguka nyumba nzima akasimamisha kila kilichokuwa kikienda kwa ajili ya mwenye nyumba. Saa ya ukutani bado ilionyesha saa tano kasoro dakika saba. Redio ilikuwa imegeuziwa ukuta.

"Nne, d, d, tatu," Mama Loveness alimaliza. "Fungu la kumi na sita."

"Ndiyo," alisema Yuster, akakiondoa kidole na kukinyoosha. "Liko sawa lote."

"Sasa niambie tumefanya nini, mwanangu. Nimesoma tu kama kasuku."

Yuster alifikiri kidogo. Hakupenda kueleza kitu kwa maneno yasiyo yake.

"Hili faili ndilo lenye mfumo wa kuendesha kompyuta. Ni kubwa, Mama. Ukiligeuza kuwa vitabu, nyumba hii haitoshi. Kompyuta inalipitia lote, nukta kwa nukta, halafu inalikamua mpaka zinabaki herufi na tarakimu sitini na nne. Hizo ulizosoma niliziandika kutoka kwa walioutengeneza. Hizi za kwenye kioo zimetoka kwenye faili langu. Zikilingana, basi halijaharibika njiani."

"Na likiharibika kidogo tu? Nukta moja?"

"Namba inageuka."

"Tarakimu moja inageuka."

"Hapana, Mama. Yote."

Mama Loveness aliitazama namba kwenye daftari, kisha akatazama dirishani, kisha akairudia namba. Alikuwa amefundisha chekechea miaka thelathini na alifikiri anazijua tarakimu zote.

"Yaani ni kama mtu anyolewe unywele mmoja," alisema polepole, "na jina lake lote libadilike."

"Ndivyo. Mimi mwenyewe bado nashangaa."

Kosa la asubuhi halikuwa kwenye faili, basi. Yuster alichukua kalamu nyekundu akaandika hivyo. Flashi ya kwanza aliitengeneza jana Masasi; alipoichomeka kwenye mashine ya Mwalimu, kioo kilibaki cheusi na mstari mmoja mweupe ukipepesa kwenye kona, kama mtu anayesubiri kuambiwa. Jambo jingine moja lilikuwa limemsumbua: kila ilipowashwa, mashine ililalamika kwanza kwamba haijui leo ni lini. Ilidhani ni tarehe moja Januari, mwaka elfu mbili na mbili. Chini ya hilo alikuwa ameandika: *Tarehe imepotea. Sababu: bado.* Hakupenda kuandika sababu asiyoiona.

Sasa alirudi kwenye programu ya kutengenezea flashi na kusoma kila mstari tena, na hapo akaona. Jana alikuwa amechagua mpangilio wa mashine mpya. Sanduku la Mwalimu lilikuwa la zamani; lilitafuta mlango pale mashine za zamani zilipozoea kuuweka, na likakuta ukuta. Alibadilisha chaguo moja tu. Akachomeka flashi ya pili, nyeusi, ndogo kuliko kidole gumba.

"Hii itafutwa yote," alisema kwa sauti, kama kawaida yake, hata akiwa peke yake kibandani. "Ina kitu? Haina. Ni hii kweli? Ni hii. Siyo nyingine? Siyo."

"Anazungumza na nani huyo?" Bi Zabibu akauliza.

"Na nafsi yangu, Bibi. Ukikosea hapa, huna wa kumlaumu."

Alibonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Bi Zabibu aliweka ungo chini. "Binti, asubuhi ulinieleza, nikakubali, lakini sijaelewa. Nieleze tena. Hutabadilisha, hutahamisha. Lakini utawasha."

"Sitawasha chake, Bibi. Nitawasha changu ndani ya sanduku lake. Mfumo wangu unakaa kwenye hii flashi. Diski yake itabaki imelala, na mimi nitaisoma tu, sitaiandika hata herufi. Nikimaliza nachomoa, naondoka. Ukiiwasha kesho haitajua kwamba kuna mtu alikuja."

"Kama kuazima jiko la jirani, ukaja na kuni zako, ukapika, ukaondoka na majivu yako."

"Ndivyo hasa."

"Haya. Lakini nikiona jivu, nitakuita."

Dakika kumi na mbili zikapita. Mstari ukafika mwisho. Yuster aliichomoa flashi, akaishika kiganjani, akaipeleka mezani. Mama Loveness ndiye aliyeondoa kitambaa cheupe, akakikunja mara nne, akakiweka kifuani.

Mashine iliguna, feni ikazunguka. Ikalalamika kuhusu tarehe. Yuster alibonyeza kitufe kimoja kukubali, kingine kuomba orodha ya milango, na safari hii flashi ilikuwemo kwenye orodha. Akaichagua. Kioo kikawa cheusi.

Kikakaa cheusi.

Bi Zabibu alikuwa amesimama bila mtu kumwona akisimama.

Halafu maandishi meupe yakaanza kushuka, mstari baada ya mstari, haraka kuliko jicho. Yuster alikuwa ameyaona mara nyingi na bado kila mara alishusha pumzi. Mashine haikuwa na kumbukumbu yoyote ya kuwa mashine. Ilikuwa chuma na waya. Na kitu kidogo kuliko kidole gumba kilikuwa kikiiambia sasa, kwa mpangilio, bila kuruka: hili ni jicho lako, huu ni mkono wako, huyu ni wewe unayeweza kuhesabu. Maandishi yakasimama. Kioo kikajaa rangi ya kijani iliyopoa, na katikati mshale mdogo ukaonekana, ukitulia, ukisubiri mkono.

"Eeh," alisema Mama Loveness. Ilikuwa pumzi tu.

"Hiyo ni ya kwake?" Bi Zabibu akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni yangu, Bibi. Yake iko hapa." Yuster alielekeza mshale kwenye picha ndogo ya diski, upande wa kushoto. Kama fundi wa kwanza alisema kweli, hapa ndipo pangeishia. Aliifungua kwa njia ya kusoma tu, akaiangalia mara mbili alama ya kufuli iliyothibitisha hivyo, kisha akabonyeza.

Mafaili yakajitokeza. Yalijipanga yenyewe, namba kwa namba: 001, 002, 003, hadi chini ya kioo na kuendelea.

Mama Loveness alivuta kiti akakaa. "Yapo?"

"Yapo, Mama. Sijui kama yanasikika. Tujaribu moja."

"La kwanza. Alikuwa mtu wa kuanzia la kwanza."

Faili la kwanza liliitwa *001 Mama*.

Kwanza alisikika jogoo. Kisha mlango, na mtu akikohoa. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikaanza kuzungumza Chimakonde, taratibu, kavu, kila neno likiwekwa mahali pake. Yuster ni Mmakua wa Masasi na alipata nusu tu. Mama Loveness alimtafsiria kwa kunong'ona bila kuondoa macho kwenye kioo, kana kwamba angemwona anayesema.

"Anataja mapumziko. Ya njia ya kupanda. La kwanza kutoka majini, jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Shusha-Mtungi. La pili, Mama-Ngoja. La tatu, Usiangalie-Nyuma."

Sauti nyingine ikatokea nyuma ya Mama Loveness, ikirudia majina yaleyale kwa Chimakonde, nusu pumzi baada ya kutajwa. Ilikuwa ya Bi Zabibu. Macho yake yalikuwa yamefumba. Mkono wake mmoja ulikuwa umeinuka juu, karibu na sikio, kama wa mtu anayeshikilia kitu kisianguke kichwani.

"Halafu anasema—" Mama Loveness akaanza.

"Karuka!" Bi Zabibu alifumbua macho. "Huyo mama yangu karuka! Baada ya Usiangalie-Nyuma njia haiendi huko. Kuna la nne hapo. Mpaka leo anaficha!"

"Anaficha nini, wifi?"

"Subiri."

Ndani ya mashine ikaja sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu anayejua atakachojibiwa.

Mama Loveness hakutafsiri. Ilikuwa sauti ya mume wake. Alikuwa amefunika mdomo kwa kile kitambaa cheupe. Bi Zabibu ndiye aliyetafsiri sasa, kwa Kiswahili kilichojaa kicheko kisichotoka.

"Anamwambia, 'Mama, umeruka.' Mama anasema, 'Sijaruka.' 'Umeruka, Mama, baada ya Usiangalie-Nyuma.' Mama anamwambia, 'Andika sita.' Anasema, 'Siwezi kuandika sita kama ni saba, Mama. Hesabu yote itakuwa nyingine.'"

Kwenye mashine kukawa kimya kirefu, mpaka Yuster akatazama kama faili limekatika. Kisha yule bibi kizee akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha msichana. Kilianza kifuani na kupanda, kikasimama kupata pumzi, kikaendelea.

"Alivunja mtungi pale," Bi Zabibu alisema. "Mtungi wa mama mkwe wake, mbele ya wanawake wote. Nilikuwepo, mtoto mdogo, na kibuyu changu. Tangu siku hiyo watu wakapaita Penye Vigae. Njia nzima ikawa inamsema! Basi akawa kila akihesabu anaruka." Alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Miaka kumi na mmoja yuko kaburini. Na bado anaruka."

Yuster alifikiria zile tarakimu sitini na nne, na Mwalimu amekaa na kinasa sauti chake akikataa kuandika sita. Alitaka kuandika kitu kwenye daftari, hakujua kwa wino gani.

"Hodi wenyewe!"

Mujibu aliinama kupita mlangoni, mwanamume mrefu mwenye vumbi la pikipiki kwenye nyusi. "Shikamoo, mama. Shikamoo, Mama Loveness. Fundi wa Masasi, habari za joto?"

"Marahaba," walijibu wanawake wawili, na Yuster akasema nzuri, joto lipo.

"Nimesikia kicheko nikasema, tanga limeanuliwa bila mimi?" Kisha akaiona kompyuta, na kicheko chake kikapungua. "Inawaka? Si walisema diski imekufa?"

"Haijafa," alisema Yuster.

"Sasa mbona iligoma?"

"Sijui bado." Alifungua daftari pale penye wino mwekundu. "Ninachojua ni kimoja: tarehe imepotea. Mashine ikipoteza tarehe, mara nyingi imepoteza na mambo mengine iliyoambiwa. Jinsi ya kuzungumza na diski yake, kwa mfano. Inaitafuta kwa njia isiyo yake, haielewi, inazima. Lakini haisahau hivihivi tu. Ndani kuna betri ndogo bapa, kama sarafu. Hiyo ndiyo inayoikumbusha hata umeme usipokuwepo. Ikiisha, au ikitolewa—"

Alinyamaza, kwa sababu Mujibu alikuwa amemtazama mama yake, na mama yake alikuwa ametazama ungo wa mbaazi.

Bi Zabibu alikwenda kwenye kabati, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Alilimimina taratibu juu ya mkeka. Zilitoka betri mbili nene za redio, moja ya saa ya ukutani, mbili za tochi, na mwisho kabisa, ikibingirika kwa ukingo wake hadi kwenye mguu wa meza, moja bapa, inayong'aa, kama sarafu.

"Saa zote za marehemu hupumzika naye," alisema. "Nikamwambia huyu, na ile mashine ina saa? Akasema inayo, iko pembeni ya kioo, chini kulia. Nikasema basi itolewe betri."

"Nikaitoa," alisema Mujibu. "Mama, wewe ndiye uliniagiza! Nilicheka, lakini nikaitoa. Nilidhani ni ya saa tu."

"Kwa hiyo sisi ndio tulioiua."

"Hamkuiua, Bibi," alisema Yuster. "Mmeisahaulisha tu. Nayo imesahau kwa adabu, haijagusa kitu."

Mujibu aliiokota ile betri bapa na kuigeuza vidoleni. "Yule fundi, rafiki yangu, akasema kupiga windo. Na mimi ningepiga. Kesho kutwa, baada ya dua, mchana tu." Aliitazama orodha kwenye kioo, namba zinazoshuka. "Hizi zote ni watu?"

"Mia mbili na kumi na nne," alisema Mama Loveness. "Mujibu, mashine ni yako, sina neno. Ninachoomba ni watu walio ndani."

"Mama Loveness, mimi—"

"Kaa chini," Bi Zabibu alimwambia mwanawe. Akakaa, magoti juu kama mtoto. "Mashine utaichukua, ni haki yako kwa mjomba wako. Lakini kwanza huyu binti anachukua nakala ya kila mmoja. Binti, ukichukua nakala, kinachobaki kinapungua?"

"Hakipungui hata chembe, Bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Vinakuwa viwili, na vyote ni vya kwanza."

"Basi si kuchukua," alisema Bi Zabibu. "Chukua. Na hii," akampokonya Mujibu ile betri, "inarudi kwenye kopo mpaka kesho kutwa. Dua ikiisha, utairudisha wewe mwenyewe kwa mkono wako, na fundi atakuonyesha jinsi ya kuikumbusha. Hakuna kufagia. Ukifagia, nami nitakuja dukani kwako nitoe betri zote, mpaka ya pikipiki."

"Pikipiki yangu ni ya kupiga teke, mama."

"Basi nitaukata mguu."

Walicheka wote, hata Mama Loveness, ndani ya kitambaa.

Yuster alichomeka diski ya nje aliyokuja nayo na kuanza kunakili. Hakuzichukua zote kwa mpigo. Mashine ilikuwa ya zamani na njia yake nyembamba, na kila faili lilipofika upande wa pili alilikamua lipate namba yake, akalinganisha. Mama Loveness alisoma kutoka upande mmoja, naye aliitikia kutoka upande mwingine. Mujibu akasogea, akaomba asome yeye kidogo, akakosea mstari, akafukuzwa, akaomba tena. Nje vivuli vya mikorosho vilirefuka kuelekea ukingoni. Kati ya namba na namba, Bi Zabibu aliomba asikie kipande cha huyu, kipande cha yule, naye alikuwa akijibu: ndiyo, ndiyo, hapo kasema kweli, hapo kasahau.

Walipofika namba sitini na moja, kifaa cha sola ukutani kililia mara tatu. Jua lilikuwa limeinama, na betri za nyumba zisingevumilia tena. Yuster aliizima mashine kwa utaratibu, akachomoa flashi, akachomoa diski ya nje. Feni ikapunguza mwendo na kunyamaza. Mama Loveness alikikunjua kitambaa, akalifunika sanduku kama lilivyokuwa, na Bi Zabibu akainama kukagua meza kwa macho yaliyokazwa.

"Jivu sioni," alisema.

"Nitalala hapa kama mtaniruhusu," alisema Yuster. "Kesho saa mbili, jua likishapanda, tunaanzia sitini na mbili. Tukienda hivi, jioni tunamaliza, na arobaini inatukuta hatuna deni kwa mtu." Aliandika namba hiyo kwenye daftari, kwa buluu, akaweka mstari chini yake.

"Sitini na mbili ni nani?" Bi Zabibu akauliza.

Yuster alitazama orodha aliyokuwa ameinakili. "Bibi Faidha, wa Kitangari."

"Faidha!" Bi Zabibu alijishika kiuno. "Huyo hakuwahi kubeba hata kata ya maji. Mumewe alikuwa na baiskeli, ndiye aliyezunguka na madebe. Njia haijui! Sasa alimwambia nini mdogo wangu, dakika..." Alichungulia daftari. "Dakika arobaini na tano?"

"Tutamsikia kesho, wifi," alisema Mama Loveness, akienda kuwasha jiko.

"Kesho nakuja kabla ya jua," alisema Bi Zabibu, akikusanya betri kutoka kwenye mkeka na kuzirudisha koponi moja moja. "Msianze bila mimi. Nataka nimkamate pale atakaporuka."